Asubuhi Niliyokubali Kuwa Baba wa Balozi

Kama ningeruhusiwa kurudi siku moja tu katika miaka yangu yote ya kazi, nisingerudi siku niliyoajiriwa wala siku niliyoagwa. Ningerudi Jumatatu moja, saa nne asubuhi, katika chumba cha Bwana Shauri, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa wilaya yetu, aliponiuliza kama niko tayari kuwa baba wa Balozi. Ningesema hapana. Neno lenyewe ni fupi, na kwa wakati ule nilikwisha kulitafsiri kwa niaba ya watu wengine mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. La kwangu mwenyewe likanishinda kulitamka.

Vijana mliobaki ofisini mmeniomba niandike habari za kazi ya ukalimani. Vyeo na mishahara nitaviacha. Vimo kwenye faili langu, na faili langu, kwa jinsi ninavyoijua masijala yetu, limepotea. Nitaandika nilivyoanza, nani alinifundisha, na kosa nililolifanya, ili atakayeletewa kiti kama changu ajue kwanza kinaletwa kwa sababu gani.

Nilifika Dar es Salaam kwa garimoshi kutoka Tabora, nikiwa na cheti cha sekondari ndani ya Biblia na suruali ndefu moja. Mtu wa kwanza kuzungumza nami ofisini hakuwa Mzungu wala karani. Alikuwa tarishi mkuu, Mzee Mwinshehe, Mzaramo wa Temeke, mtu mfupi aliyechechemea kidogo mguu wa kulia, mwenye kofia ya khaki na beji ya shaba aliyoisugua kwa majivu kila asubuhi. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu, bila haraka.

"Kabila gani?"

"Mnyamwezi. Shikamoo, Mzee."

"Shikamoo kaa nayo mwenyewe. Mnyamwezi! Alhamdulillahi, mihogo yangu imepata mpagazi."

Akanitwika kikapu kichwani, juu ya nywele nilizokuwa nimezipaka mafuta kwa heshima ya serikali, akaniamuru nikipeleke nyuma ya ofisi. Nilikasirika kwa hatua kama kumi hivi. Ndipo nikakumbuka maneno ya nyumbani: Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Babu zetu walishuka pwani na mizigo ya misafara, wakapita katika nchi ya babu zao, wakagombana, wakapatana, wakazikana, na kilichobaki kwa wajukuu ni haki ya kutukanana bila mtu kukasirika. Mtani anaweza kukunyang'anya kofia njiani na kukuita mwizi mbele ya mkweo, na ukinuna, aibu ni yako. Siku ya msiba mtani ndiye mwenye kazi kubwa. Watu wanalia, yeye anavaa nguo za marehemu, anaigiza mwendo wake, analizuia jeneza lisitoke mpaka apewe kitu, anatangaza siri za marehemu, na wafiwa wanacheka na machozi yao usoni.

Basi nilipofika nyuma ya ofisi nilikaa chini, nikamenya mihogo miwili, nikaila, nikamrudishia kikapu.

"Mzee, mihogo yako michungu. Sasa najua kwa nini nyie Wazaramo mnakesha ngomani. Tumbo haliwaachi mlale."

Alicheka mpaka beji ikatikisika. "Huyu atafaa," akawaambia matarishi wenzake. "Mjinga kama wote wa kwao, lakini atafaa."

Kazi ya ukalimani alinifundisha yeye, ingawa hakujua kusoma hata herufi moja. Kwa miaka mingi alikuwa amesimama mlangoni kwenye mabaraza, akiwaona wakalimani wakija na kuondoka. Alinionyesha mahali pa kusimama: nusu hatua nyuma ya Mzungu, upande wa kushoto. "Ukisimama mbele yake, watu watadhani serikali ni wewe, watakuletea mbuzi na malalamiko. Ukisimama nyuma sana hutasikia kitu, utaanza kutunga." Alinifundisha kuweka karafuu mdomoni ili pumzi yangu isimchoshe ninayemnong'oneza. Alinifundisha kwamba mtu akitukana, nitafsiri tusi lote, ila nisilitafsiri kwa uso. Na Mzungu akianza sentensi ndefu akapotea katikati, nimngoje, nisimtungie mwisho. Hili la mwisho nililivunja mara kadhaa. Baadhi ya hukumu nzuri za wilaya hii zina mwisho wangu.

Hatukupita siku bila kutukanana. Akinipa barua alisema, "Pokea, mpagazi, usije ukaila." Nami nilimwuliza kama anachechemea kwa sababu ya mguu au kwa sababu ya uvivu. Wageni walidhani tumegombana. Mke wake, Bi Mwanahawa, alikuwa hodari kuliko sisi wote wawili. Mara ya kwanza nilipokwenda kwao Temeke kwa baiskeli, alinyoosha mkono akakamata usukani na kuuliza kama nimeiba baiskeli hiyo au nimekabidhiwa niibebe.

Jambo moja lazima nilieleze, kwa kuwa kila kitu kinasimama juu yake. Mzee Mwinshehe aliwasimulia watu wote wa Temeke kwamba, katika vita vya Mjerumani, alikutana na simba kule Rufiji, wakatazamana, na simba akaona haya akaondoka. Watoto walilala kwa hadithi hiyo. Sasa, mwaka wangu wa pili au wa tatu, barua za serikali zilichelewa, nikatumwa kwa baiskeli kumtafuta tarishi mkuu kule Uzunguni. Nilimkuta juu ya mkorosho katika bustani ya mama mmoja wa Kizungu, mkoba wa barua ukiwa shingoni. Chini ya mkorosho alikuwa amekaa mbwa wa ukubwa wa paka, amefungwa utepe wa buluu shingoni.

"Mpagazi," aliniita kutoka juu kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Ondoa mnyama huyu."

"Ndiye yule wa Rufiji, Mzee?"

"Ondoa, nakwambia! Niko hapa tangu saa mbili."

"Lakini ameona haya. Tazama, hata utepe amevaa."

Nilimfukuza mbwa kwa kupiga mluzi. Mzee alishuka, akajikung'uta, akavaa kofia yake, akatembea karibu nusu maili. Halafu akasimama.

"Utawaambia Temeke."

"Leo hii jioni."

"Ukisema nikiwa hai nitakukana, na wataniamini mimi. Sikiliza, Mnyamwezi. Ngoja nife. Siku hiyo jeneza likitoka, ulizuie mlangoni, uwaambie habari ya mbwa, yote, hata utepe. Mke wangu awepo, asikie. Mie sitaki kuzikwa na watu wanaolia tu."

Nilimwahidi. Kila mwaka alinikumbusha. Tukipita karibu na Uzunguni alinyoosha kidole bila kusema neno, nami niliitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimekwisha kuyapanga maneno yenyewe, mahali pa kunyamaza na mahali pa kubweka.

Baada ya vita vikuu vya pili, nchi moja ndogo ya Ulaya, ya baridi na samaki, ilimteua mtu wake wa kwanza kukaa hapa. Kwa hati alikuwa balozi mdogo, kwa sababu tulikuwa chini ya Mwingereza na hatukustahili kuletewa mkubwa. Temeke hakuna aliyekubali kwamba ameletewa kitu kidogo. Walimwita Balozi, nami nitamwita hivyo. Alikuwa mrefu kupita kiasi, mwenye upara na masikio makubwa, mjane, na Kiswahili chake alikitoa katika kitabu cha misheni. Aliongea kama mtu anayesoma tangazo.

Wauguzi wa misheni ya kwao walitaka kufungua zahanati Temeke, na wazee wa pale walikuwa hawajasema ndiyo wala hapana. Bwana Shauri aliona afadhali Balozi mpya ajenge urafiki na wazee hao kwanza. Nikaazimwa kwake siku mbili kwa juma, mimi na karafuu zangu.

Tulikwenda mara tatu. Mara zote walimpa heshima isiyo na kasoro. Kiti kilitandikwa kitambaa. Dafu lilikuwa limekwisha kukatwa. Wazee walisimama wote pamoja, wakakaa wote pamoja.

"Tumefurahi kukuona, Mheshimiwa," walisema.

Balozi akaeleza habari ya zahanati.

"Tunashukuru."

Akauliza habari za mvua.

"Tunashukuru."

Mara ya tatu, maskini, akiwa hana la kusema, aliwaambia kwamba mke wake alifariki mwaka uliotangulia na nyumba yake ina vyumba vingi.

"Mungu ampumzishe," wakasema. Wakamsogezea dafu. "Tunashukuru."

Ndani ya gari, tulipoipita njia ya Chang'ombe, Balozi alinigeukia. "Bwana Petro," alisema, "wananiheshimu mpaka naogopa. Gari likiwa bado mbali nasikia watu wale wanacheka. Nikishuka, kimya. Mtu hufanya nini hapa ili achekwe?"

Mkalimani mwenye akili angesema, "Subira, Mheshimiwa." Mimi nilitaka kuonekana najua. Nikamweleza utani, kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa mifano. Aliandika yote katika kijitabu. Kesho yake alikuwa kwa Bwana Shauri akiomba afanywe mtani, na Bwana Shauri, ambaye hakuwahi kukutana na jambo lisilofunguliwa faili, alilifungulia faili.

Wazee wa Temeke walilijadili shauri hilo siku tatu. Jibu lao alilileta Mzee Mwinshehe. Alinikuta nikichonga kalamu ya risasi, akafunga mlango.

"Watu wa Balozi hawajawahi kupigana na sie wala kutuzika," alisema. "Hana mlango wa kuingilia. Mlango uliopo ni wako. Wazee wanasema aingie kama mtoto wa Mnyamwezi. Wewe usimame mbele ya watu, useme, huyu ni mwanangu, nafasi yangu katika nyumba za Temeke nampa yeye."

"Basi kumbe rahisi."

"Si rahisi. Ukishakuwa baba wa mtani, wewe si mtani tena. Baba wa mtani hatukanwi. Anaamkiwa, anapewa kiti."

"Kwa asubuhi moja, Mzee. Ni shughuli ya kiserikali tu."

"Mafaili yenu mnafungua Jumatatu, mnafunga Ijumaa. Hili halina wa kulifunga." Akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Kataa, Petro."

Hakuwahi kuniita kwa jina langu tangu anijue. Hilo peke yake lingenitosha. Lakini nilicheka, nikamwuliza kama Wazaramo wameanza kuogopa kuchekwa na Wazungu. Hakucheka.

"Na yule mbwa je?" akauliza.

"Yule mbwa ni wangu. Nani atanizuia?"

Akavaa kofia yake, akafungua mlango, akarudi kazini.

Sasa mnisikilize vizuri, kwa sababu wapo waliosema baadaye kwamba nililazimishwa. Sikulazimishwa. Jumatatu ile Bwana Shauri aliniambia kwa uungwana kabisa kwamba jambo hili ni hiari yangu, na nisipotaka ataandika kwamba haliwezekani. Kisha akataja, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba barua ya shughuli hiyo itakwenda mpaka ofisi ya Gavana, na jina langu litaandikwa humo kwa ukamilifu. Nikaliona jina langu limepigwa taipu, nakala tatu, na kaboni katikati. Nikasema ndiyo, bwana.

Tulikusanyika Jumamosi, kwenye uwanja wa Temeke. Mwanangu alikuwa amenizidi umri miaka kama kumi na urefu futi nzima. Alivaa koti jeusi la kibalozi lenye vifungo vya dhahabu, na kofia ya manyoya meupe ambayo, nadhani, kwao huvaliwa mbele ya wafalme. Bwana Shauri alikaa pembeni chini ya mwavuli. Nilinyoosha mkono kumshika Balozi bega, nikalifikia kwa vidole tu.

"Huyu ni mwanangu," nilisema. "Nafasi yangu katika nyumba za Temeke nampa yeye."

Halafu Bi Mwanahawa akauliza kutoka kwenye kundi la akina mama, kwa sauti ya mtu anayetaka tu kujua: "Na mama yake? Alikuwa twiga?"

Uwanja ukalipuka. Kabla sijageuka, ile kofia ya wafalme ilikuwa kichwani kwa Bi Mwanahawa. Balozi alinitazama. Nilimtafsiria swali lote, bila uso, kama nilivyofundishwa. Akafikiri. Akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti ya tangazo:

"Ndiyo. Mama yangu alikuwa twiga. Lakini mama yangu hakula mihogo michungu."

Maneno ya mihogo nilimfundisha ndani ya gari. Yale ya mama yake aliyatoa mwenyewe, na hapo nilijua kwamba ana kipaji. Watu walishikana mabega kwa kucheka. "Mnyamwezi huyo! Mpagazi! Abebe!" Wakaleta gunia la mihogo, wakamtwika juu ya upara, na kofia yake wakasema hataiona mpaka alifikishe upande wa pili. Balozi alilibeba, akipepesuka, koti limejaa udongo, akina mama wakimpigia vigelegele na kumwuliza kama Ujiji ni mbali. Uso wa Bwana Shauri ulipita rangi zote za bendera ya mfalme. Balozi alipolitua gunia alikuwa akicheka mpaka machozi, na sidhani alikuwa amecheka hivyo tangu amzike mkewe.

Mimi nilikuwa nimekaa. Sikumbuki kuomba kukaa. Mtu alileta kiti, na juu yake kitambaa, na mwingine akanipa dafu kwa mikono miwili. Nilidhani ni kwa sababu ya jua.

Kibali cha zahanati kilitoka juma lile lile. Barua ilikwenda kwa Gavana. Jumatatu niliingia ofisini na tusi langu tayari, nikamkuta Mzee Mwinshehe amesimama wima mlangoni.

"Habari za asubuhi, bwana karani."

"Habari gani, we Mzaramo? Umelala ngomani?"

"Nimelala salama, bwana. Nashukuru."

Nilidhani anatania, na kwamba huo ni utani mpya, wa hali ya juu kuliko yote. Nikangoja acheke. Nilingoja miezi mingi. Nilimwambia mihogo yake michungu, akasema ni kweli, mvua hazikuwa nzuri. Nilimnyang'anya kofia, akasimama kichwa wazi, mikono pembeni, mpaka nikairudisha kwa aibu. Siku moja niliila chapati yake mbele ya macho yake. Kesho yake aliniletea mbili, zimefunikwa kwa sahani.

Wakati huo huo mwanangu alikuwa akistawi. Kila Jumamosi alikwenda Temeke peke yake, na kila Jumatatu nilimkuta na kijitabu.

"Wamesema masikio yangu ni kama milango ya gari iliyosahauliwa wazi. Ni vizuri?"

"Vizuri sana, Mheshimiwa."

"Bwana Mwinshehe amesema mimi ni mnazi usiozaa. Nimejibu kwamba yeye ni dafu lililokwisha kunywewa. Amecheka mpaka amekaa chini."

"Amekaa chini?"

"Kwenye mchanga. Bwana Petro, hujisikii vizuri?"

Nikamfundisha zaidi, kwa kuwa ndiyo kazi niliyokubali. Matusi niliyoyaweka akiba kwa ajili ya Mzee Mwinshehe nilimpa moja baada ya jingine, naye akayatumia vizuri kuliko nilivyotarajia. Alikosea mara moja tu, kwa kudhani Dar es Salaam nzima ni watani zake. Kwenye karamu ya bustanini alimnyang'anya kofia Bwana Gulamali, Mhindi wa Kishia mwenye duka la vitambaa, mtu wa swala na maneno machache, akakimbia nayo mpaka kwenye maua. Nilidhani tumekwisha. Kesho yake dukani kwa Bwana Gulamali kilitoka kifurushi chenye kofia mbili mpya na kijibarua: moja ya Mheshimiwa kunyang'anya, nyingine anirudishie mimi mwenye duka. Hata Bwana Gulamali, mnaona, alipata utani. Mimi nilipata chapati.

Nilikwenda kwa wazee wa Temeke kuomba nirudishwe. Walinisikiliza kwa adabu, wamesimama.

"Mwanao yu hai, bwana karani," alisema mkubwa wao. "Utamrithi vipi mtu aliye hai?"

"Basi tutumie nafasi moja, sote wawili."

"Ukitukanwa wewe, atakuwa ametukanwa baba yake, mbele yake. Atalazimika kukasirika. Na mtani hakasiriki. Huoni tutakuwa tumemfukuza?"

Katika mabaraza mengi niliyosimama sikuwahi kusikia hukumu iliyofungwa vizuri namna hiyo, na sikuwa na mwisho wa kuitungia.

Mzee Mwinshehe alistaafu, akaanza kuumwa kifua. Nilikwenda kumwona kwa baiskeli kutoka Kinondoni. Bi Mwanahawa alinipokea uani, hakushika usukani. Aliniletea kiti chenye kitambaa, akakaa mlangoni. Mzee alikuwa amelala juu ya kitanda cha kamba, amekwisha, macho tu ndiyo yake. Nikainama nikamnong'oneza.

"Yule simba wa Uzunguni anakusalimu. Bado ana utepe."

Pembe ya mdomo wake ilitikisika. Niliiona, naapa niliiona. Alimtazama mkewe mlangoni, akanitazama mimi, akavuta pumzi kidogo kidogo mpaka ikatosha.

"Tunashukuru, bwana karani," alisema. "Ahsante kwa kuja."

Alifariki siku ya Alhamisi, alfajiri. Habari ilinifikia ofisini saa tatu, nikaomba ruhusa, nikapanda baiskeli. Njiani nilikuwa nimekwisha kuamua. Nitalizuia jeneza, wazee waseme watakalosema. Ahadi yangu ilikuwa ya zamani kuliko ile ya uwanjani. Nilifika uani jasho likinitoka, nikasimama mbele ya mlango kabisa, karafuu mdomoni, nikafungua mikono kuziba njia.

Watu walinipisha. Sikuwa nimefikiria hilo. Walidhani nataka nafasi ya mbele. Mtu alinishika kiwiko polepole, na Bi Mwanahawa, macho mekundu, akasema kutoka ndani, "Mleteeni baba kiti."

Kiti kikaja, na kitambaa, na dafu. Nikakaa. Sijui mtu angefanya nini kingine mbele ya mjane.

Ndipo gari likasimama njiani, na Balozi akashuka. Alikuwa amevaa suti nyeupe, na kichwani, imekaa upande kwa sababu ya masikio, kofia ya khaki yenye beji ya shaba. Mzee Mwinshehe alikuwa amempa mwenyewe. Alikuja akichechemea mguu wa kulia, mkono mmoja umekumbatia mafaili, na kwa kile Kiswahili chake cha tangazo akapaza sauti: "Bwana Shauri hayupo! Rudi Ijumaa! Na wewe, mpagazi, usile barua!"

Hayo yalikuwa maneno ya Mzee kila siku ya kazi, na yale ya mwisho yalikuwa yangu. Ua lote likalia na kucheka pamoja. Jeneza lilipotokea mlangoni, Balozi alijilaza chali mchangani mbele yake, na suti yake nyeupe, akasema hataondoka mpaka apewe mhogo mmoja mchungu. Bi Mwanahawa mwenyewe aliuleta, akampiga nao upara, akacheka huku anajishika kifua, akamwita mwana wa twiga. Balozi akautafuna mbichi. Jeneza likapita.

Habari ya mbwa hakuisema, kwa sababu hakuijua. Ilikuwa kwangu, maneno yote mahali pake, na niliimeza nimekaa kwenye kiti, dafu mkononi.

Balozi alihamishwa mwaka uliofuata, nchi ya mbali. Huniandikia kila Krismasi. Afya yake ni nzuri sana.

Nimestaafu sasa, na bado nakwenda Temeke. Wanyamwezi wenzangu, hata waliofika jana na garimoshi, wanapokonywa kofia barabarani na kuitwa wapagazi. Mimi watu wananisimamia. Bi Mwanahawa mwenyewe huniuliza habari za nyumbani, nami nikimjibu husema anashukuru. Juzi nilimwambia habari ya mbwa, yote, hata utepe. Alinisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa, kama unavyomsikiliza mtu mzima akikueleza jambo la maana.

Nilikubali kuwa baba wa Balozi kwa asubuhi moja, ili jina langu lipigwe taipu. Kwa ajili hiyo nilimpoteza Mzee Mwinshehe miaka mitatu kabla hajafa, na ahadi moja niliyomwekea sikuitimiza. Na katika nyumba zote za Temeke, hakuna iliyobaki na mtu wa kunitukana.